Jina la Hassan Ndani ya Mashine

Siku ya kwanza kazini, kiwanda cha nguo kule Thika, niliambiwa nivue viatu. Chumba cha kompyuta kilikuwa baridi kama friji, na mimi, mtu wa darasa la saba, nikauliza kama ni msikiti.

"Msikitini ungenawa kwanza, bwana," akasema Hassan, karani niliyemkuta humo. Tukawa marafiki hapo hapo.

Kazi yetu ilikuwa kujibu simu. Bohari ya Ruiru ikiuliza kitambaa gani kiko, tunaandika namba yake kwa kibodi, mashine kubwa inatafuta, tunawasomea jibu kutoka kwa kioo cha kompyuta.

Kisha Kimotho, meneja wa kompyuta, akasema programu hiyo ya zamani haitatupwa, itageuzwa iwe huduma. Ingewekewa programu ndogo mbele, ipokee maswali moja kwa moja kutoka kompyuta za Ruiru, ibonyeze kibodi kama karani, irudishe jibu. Ila lazima ifundishwe.

"Hassan, wewe ndio mwalimu. Ukimaliza nakupandisha cheo."

"Na huyu?" Hassan akaninyooshea kidole.

"Hakuna mtu anaenda nyumbani. Kwani mimi ni shetani?"

Miezi mizima Hassan alikaa na fundi, akimwonyesha kila kitufe, hata mahali pa kungoja mashine ikizubaa. Programu ikapewa jina lake na neno lake la siri, kwa sababu mashine ilifungulia watu tu. Ilipoanza kujibu vizuri, Kimotho akamfukuza. Namtaja Kimotho kwa jina kwa sababu alijua atamfukuza tangu mwanzo. Mimi nikaachwa, wa kubadilisha kanda za kuhifadhi kumbukumbu.

Simu ikanyamaza. Kila asubuhi kioo kilionyesha Hassan ameingia kazini. Nilikuwa nakiambia "Salam aleikum," nikiwa peke yangu.

Siku moja nikamkuta Hassan sokoni kule Githurai akiuza vitunguu. Nikamwambia jina lake bado liko kazini.

"Linachelewa?"

"Hata siku moja."

"Basi si mimi." Akacheka, halafu akageukia mteja, hakunigeukia tena.

Sasa nimestaafu, niko Kiganjo. Nyinyi wa kompyuta, kugeuza programu kuukuu kuwa huduma si kosa. Ile yetu ilifanya kazi vizuri. Lakini anayeifundisha aambiwe ukweli kwanza.

Kabla sijastaafu, mashine ilipokaribia kuzimwa, niliambiwa niondoe majina yote yaliyomo. Nikafika la Hassan, nikasimama.

"Toa na hilo, mzee," Kimotho akasema.

Nikamsukumia kibodi. "Wewe ndio unajua kumtoa."

Akalitoa, akaenda zake. Nikabaki nikitafuta viatu vyangu, na hakukuwa na mtu wa kuaga.