Trela Linalovutwa kwa Mkono

Eustache alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, na uchomeleaji alifundishwa na baba yake. Lakini kazi aliyoipenda aliikuta Ubelgiji. Kwa miaka kumi na mmoja aliunda matrela ya farasi: sakafu ya alumini, kuta za plastiki ngumu, magurudumu yamewekwa karibu na katikati ili hata gari dogo la familia liweze kuvuta. Huko, mteja akifika, fundi hushika mkono wa trela na kulivuta peke yake, mteja akitazama. Hana haja ya kusema kitu. Mteja anatabasamu, anatoa kalamu.

Alihamia Toronto kumfuata mkewe Thacienne, anayewaogesha na kuwalisha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wakakaa mtaa wa Mount Dennis. Kila asubuhi Eustache aliendesha hadi mji jirani wa Brampton, kwenye yadi ya Nadim, mzaliwa wa Mwanza, anayeuza matrela makubwa ya chuma. Ilimchukua miaka miwili kumshawishi bosi wake aagize vipuri vya matrela sita mepesi, ili yeye Eustache ayaunde.

Moja lilinunuliwa na mama wa Kijerumani. Matano yakabaki, yakaota ukungu wa kijani kwenye mipira ya madirisha. Wamarekani waliovuka mpaka kuja kununua waliyapita kama watu wanaopita mgonjwa wasiyemjua. Wao wana pikapu kubwa na safari za siku mbili. Waligonga ukuta kwa kidole, wakasikia mlio wake, wakaenda kwenye yale ya chuma.

Oktoba, Nadim akamwita.

"Mzee, likiuzwa moja tu kabla ya theluji, naagiza mengine kumi. Lisipouzwa, hilo banda unalofanyia kazi nalipangisha. Kazi nyingine sina."

"Nimekuelewa."

"Na nakuomba, mteja akija, usilivute."

"Ndiyo uzuri wake, bosi."

"Uzuri wa Ubelgiji huo. Hapa mtu anataka trela linalomshinda."

Katikati ya Novemba akaja Shaun, Mmarekani kutoka Michigan, mwenye farasi mmoja wa binti yake na pikapu iliyochoka. Alitaka trela la kuvutwa na gari la mkewe. Aliingia ndani, akarukaruka sakafuni, akauliza waya wa breki uko wapi. Eustache akamweleza taratibu kwamba hakuna waya. Gari likipunguza mwendo, trela husukuma mbele na kujifunga breki lenyewe. Shaun akatikisa kichwa kukubali. Nadim akaingia ofisini kuleta karatasi.

Wakabaki wawili.

"Ni jepesi kiasi gani hasa?" Shaun akauliza.

Mikono ya Eustache haikungoja ruhusa. Akashika, akaegemea, trela likamfuata juu ya kokoto hatua kumi, kumi na mbili. Akageuka akihema, anatabasamu.

Shaun hakutabasamu.

"Na malori yakinipita kwenye barabara kuu, na upepo?"

"Farasi akiwemo ndani, uzito wake unalishikilia."

"Bwana, mimi siwezi kumweka farasi wa mwanangu kwenye kitu ambacho mzee anaondoka nacho."

Nadim alipotoka na karatasi, Shaun alikuwa amesimama kando ya trela la chuma. Alisema ataitengeneza pikapu yake iweze kulivuta likiwa na farasi. Karatasi zikajazwa hapohapo, na Eustache ndiye aliyemfungia trela hilo tupu nyuma ya pikapu, akilisukuma kwa bega hadi uso ukamwiva.

"Nilikuambia nini, mzee?"

"Uliniambia."

Siku ya mwisho ya Eustache kazini, Nadim alimwambia asubiri foklifti iyaondoe yale matano kumpisha mpangaji wa banda. Hakusubiri. Aliyavuta moja baada ya jingine hadi nyuma ya uzio, penye matairi mabovu, theluji ya kwanza ikimwangukia shingoni. Nadim alimtazama kupitia dirisha kwa muda, kisha akarudi kwenye simu yake.

Jioni Thacienne alimwekea maharage mezani, akaitazama mikono yake.

"Baba Ariane, kule kwetu kazini wanatafuta wanaume. Wa kuinua wazee kitandani."

Akatafuna kwanza.

"Wana uzito gani?"

"Wengine wamekwisha, hawana uzito wowote," akasema Thacienne. "Hao ndio wagumu kuwainua."