Nilimsimamisha Mke Wangu Kwenye Ibada

Mhariri, tafadhali lifiche jina langu, na la kijiji pia. Watu wa kanisa letu wanausoma sana ukurasa huu, na wakinijua itabidi nihame.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mbili, mkulima, baba wa watoto wanne. Kwetu ni upande wa Kosele, lakini serikali ilipogawa mashamba katika bonde la Lambwe, karibu na wakati wa Uhuru, tulihamia huko.

Mimi ni Msabato, tena si wa jina tu. Zamani nilikuwa mkavu kabisa rohoni. Nilikaa kanisani kama gunia la mahindi, mahubiri yanaingia huku yanatokea kule. Kilichoniamsha ni ibada ya kila siku: sura moja alfajiri kabla ya kushika jembe, sura moja jioni kabla ya chakula, bila kukosa. Nikawa mtu mwingine, hata wakanichagua mzee wa kanisa. Basi nikajiona naijua dawa ya moyo mzito, na ole wake aliyethubutu kuniambia kuna nyingine.

Mwaka wa pili Lambwe, mke wangu akaanza kusinzia kwenye ibada. Kwanza ni kichwa tu kuinama nikisoma. Baadaye akawa analala kabisa, mdomo wazi, mbele ya watoto. Na huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akiimba sauti ya pili mpaka wapita njia wanasimama! Nikamwambia, "Mama, umepoa. Shetani amekukalia kwenye kope."

"Jaduong'," akajibu, kwani hivyo ndivyo anavyoniita kwa heshima, "si kupenda kwangu. Kichwa kinaniuma, na macho yanajifunga yenyewe."

"Mbona usiku hulali?"

Ni kweli usiku alikuwa macho, na mimi nikaona nimemshika: usingizi unaokuja Biblia ikifunguliwa ni wa nini kama si wa roho? Kwamba hata shambani alisinzia juu ya jembe, hilo sikutaka kuliona.

Nikaongeza dawa. Sura moja ikawa tatu. Alipozidi, nikamwamuru asimame muda wote wa ibada, ashike nguzo ya nyumba, asipate kulala. Alisimama, jamani. Miguu inamtetemeka, lakini alisimama. Siku moja akaanguka, binti yetu mkubwa akalia, "Baba, Mama ana homa!" Nilimwinua kwa mikono yangu hii, nikamrudisha kwenye nguzo, nikamalizia sura. Ilikuwa imebaki mistari sita.

Chifu akatangaza watu wote waende kupimwa damu, kwa sababu inzi wa mbung'o walikuwa wameleta malale, ugonjwa wa usingizi, bondeni. Siku yenyewe ikaangukia Sabato. Nikasema jamaa yangu haitoki kanisani kwenda kuchomwa vidole. Wakapimwa majirani, sisi tukaenda kuimba.

Jirani yetu mmoja, mama Mkatoliki aliyeolewa kutoka Asumbi, alitukuta siku moja tukila. Mke wangu alikuwa amelala na tonge mkononi. "Shemeji," akaniambia, "huyu ni mgonjwa. Kaka yangu alianza hivi hivi, na tulimzika." Nikamjibu kwamba mambo ya nyumba yangu nayajua. Yawa, kiburi changu! Nilingoja mpaka siku mke wangu alipomtazama mtoto wetu wa mwisho akauliza, "Huyu ni wa nani?" Hapo ndipo nikatafuta lori la kumpeleka hospitali.

Daktari aliuliza alianza kusinzia lini. Nikasema tangu wakati wa kupanda. Na hapo tulikuwa tumeshavuna. "Ulikuwa unangoja nini?" akaniuliza.

Walimchoma sindano wiki nyingi, na akapona, kama huku ni kupona. Anakula, anatembea. Majina ya watoto wawili hayakumbuki. Wimbo hata mmoja haukumbuki.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi, niliwakusanya watoto tumshukuru Mungu. Nikachukua Biblia. Kabla sijaifungua, mke wangu aliinuka mkekani, akaenda kwenye nguzo, akaishika kwa mikono miwili, akasimama.

"Keti, Mama," nikamwambia. Akaishika kwa nguvu zaidi. Nikambembeleza, nikapiga magoti mbele yake na watoto wanaona. "Sijalala," akasema. "Sijalala, Jaduong'."

Nilipoiweka Biblia chini, akaketi. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Amesahau hata majina ya watoto aliowazaa, na hilo nililomfunza ndilo lililobaki.

Sasa Biblia iko ghalani chini ya magunia. Nimejaribu kuisoma peke yangu shambani, lakini naona miguu yake tu. Kila Sabato bado nasimama mbele ya watu na kuwahimiza wafanye ibada kila siku, na ndani yangu hakuna kitu, ni mkavu kuliko ujana wangu. Binti yangu mkubwa ameshaniuliza mara mbili, "Baba, hatuombi tena?" Mara ya tatu hakuuliza.

Ndugu wasomaji, nikiifungua Biblia, mama yao anasimama. Nisipoifungua, watoto wanapoa kama mimi nilivyopoa. Wenye hekima, nielekezeni, nishike lipi? Ila msiniambie niombe. Nikifumba macho tu, nasikia, "Sijalala."