Namna Mama Uwizeye Alivyopima Mtandao

Mama Uwizeye, mkulima wa maharagwe aliyekimbilia kambi ya Lushebere, hakuziamini alama za mtandao kwenye simu yake. Zilijaa hata siku ambazo hakuna ujumbe uliopita. Yeye alikuwa akifungua ukurasa wa habari za redio. Ukifunguka, basi mtandao upo.

Asubuhi hiyo ulifunguka mara moja: mapigano Masisi, watu wakimbia. Akamwandikia mumewe Omer, mchimbaji huko Omate, asipande pikipiki ya mchana, kwani waliofika kambini alfajiri walisema watu wenye bunduki wamefunga barabara. Kisha akaenda kupalilia.

Kabla ya adhuhuri jirani yake Kétsia akaichungulia simu ile. "Dada, hii njo habari ya wiki iliyopita. Simu iliitunza."

"Umejuaje? Mapigano, watu wanakimbia. Ya leo iko tofauti?"

"Hapana. Lakini ujumbe wako ungali na alama ya saa. Haukutoka."

Wakapanda kilima mbio. Kétsia akashauri waiulize simu jambo ambalo haijawahi kuulizwa, ili isipate la kukumbuka. Mama Uwizeye akayafikiria majani ya muhogo ya chakula cha jioni, akaandika: "Papa wa Roma anakula sombe?"

Ukurasa haukufunguka. Wakapanda zaidi, wakauliza tena. Jibu likaja, refu, na halikuhusu sombe hata kidogo. Papo hapo ujumbe nao ukaondoka.

Baada ya muda Omer akajibu: "Nilikuwa nimeshapanda pikipiki. Nimeshuka. Dereva amekasirika sana."

Mama Uwizeye akaketi kwenye majani.

"Muache akasirike," alisema.