Kipa wa Makalder

Siku aliyorudishwa nyumbani, Rispa alishuka Migori mjini akiwa na begi moja na koti zito la baridi ambalo huku hakuwa na pa kulivaa. Mama yake alimkumbatia, akamshika mabega, kisha akamwuliza mbele ya majirani waliokuja kumpokea, "Ni kweli uliiba?"

Hakumchukia mama yake kwa swali hilo. Chuki yake yote aliielekeza kwa mtu mmoja tu, Gabor Lendvay, katibu wa klabu ya hoki ya barafu katika mji mdogo wa Kotarna, Hungaria. Na chuki hiyo aliitunza miaka sita kama mtu anavyotunza kuku wa mayai, akiilisha asubuhi na jioni.

Rispa ni Mkuria, lakini alikulia Macalder, katika nchi ya Wajaluo, kwa sababu baba yake alifuata dhahabu. Mzee alikuwa akiteremka shimoni na tochi kichwani, anatoka mweupe kwa vumbi kama aliyeanguka ndani ya gunia la unga. Ugonjwa wa kifua ulimuua mzee huyo wakati Rispa yuko kidato cha tatu. Binti alisoma kwa hasira, akafaulu, akapata ufadhili wa kwenda Hungaria kusomea kazi ya maktaba na kumbukumbu. Kanisani waliomwombea siku ya kumuaga walikuwa wengi mpaka wengine wakasimama nje madirishani.

Chuo chake kilikuwa karibu na Kotarna, na Kotarna ulikuwa mji wa migodi ya makaa ya mawe. Migodi ilishafungwa zamani, ila klabu ya hoki ilibaki. Ilianzishwa mwaka 1926 na wachimba migodi waliocheza juu ya bwawa la samaki lililoganda wakati wa baridi. Sasa ilikuwa na ukumbi wake na mashabiki wake, na ilikuwa inakaribia miaka mia moja bila kitabu cha historia. Lendvay alikwenda chuoni kutafuta mwanafunzi wa kuikusanya historia hiyo. Wanafunzi wenyeji hawakuitaka kazi hiyo, wakampa Rispa, kwa kuwa ndiye aliyeijua lugha yao kuliko wageni wengine.

Majira mawili ya baridi alizunguka nyumba kwa nyumba na kinasa sauti. Wazee walimpenda upesi. Wenzake wangewauliza kuhusu mabao, yeye aliwauliza vumbi lilikuwa linakaa wapi kifuani, na ni nani aliyekuwa akiwafulia nguo za shimoni. Wakishajibu hayo, mabao yalikuja yenyewe.

Aliyempenda zaidi ni bibi wa miaka themanini na minane aliyeitwa Erzsi. Erzsi alimweleza jambo ambalo mji mzima ulikuwa umelisahau. Baba yake, mchimbaji wa kawaida, ndiye aliyeanzisha klabu. Yeye ndiye aliyechonga magongo ya kwanza na kuwafundisha wenzake kusimama kwenye barafu. Miaka michache baadaye karani wa mgodi alijifanya mwenyekiti, akalifuta jina la mchimbaji yule kwenye daftari la wanachama, akaandika lake. Karani huyo alikuwa babu yake Lendvay.

"Utaliandika?" Erzsi alimwuliza.

"Nitaliandika, shangazi."

Na aliliandika. Lakini kuanzia hapo Lendvay alibadilika. Alianza kudai kurasa moja moja kabla hazijakamilika. Siku moja Rispa alikuta nakala ya kurasa zake mwenyewe juu ya meza ya katibu. Jina lake lilikuwa limeondolewa chini ya kila ukurasa, na sura ya Erzsi ilikuwa imegeuzwa: sasa babu yake Lendvay ndiye aliyechonga magongo.

Rispa aliziacha kurasa palepale mezani. Alirudi chumbani kwake, akakaa, akaandika mechi ambayo haikuwahi kuchezwa.

Aliiweka mwaka 1934. Klabu ya Kotarna, aliandika, ilicheza na timu ya wachimbaji kutoka mahali paitwapo Makalder, ng'ambo ya mpaka. Kipa wa wageni alikuwa na jicho moja bovu, amevaa ngozi za kondoo kifuani, na alizuia bao la mwisho kwa kofia. Jina la kipa lilikuwa Robi Matiko. Robi kwa Wahungaria ni kifupi cha Robert, na Matiko ukiliandika kwa alama zao linafanana kabisa na majina ya huko. Kwa Wakuria, Robi Matiko ni bibi mmoja wa karibu na Isebania anayefuga mbuzi, mama yake mama yake Rispa.

Alijiambia kwamba katibu akilirudisha jina lake, atamwonya aiondoe ile mechi. Ukurasa huo alimpelekea katibu pamoja na nyingine, na nakala yake alijitumia mwenyewe kwa barua pepe, ili tarehe ibaki.

Katibu hakulirudisha jina lolote. Wiki tatu baadaye alikiandikia chuo barua kwamba picha za kale za klabu zimepotea, na aliyekuwa na ufunguo wa kabati la picha ni yule msichana Mwafrika. Picha hazikutafutwa popote. Ufadhili ulikatwa. Mwanafunzi mwingine kutoka Kenya aliwapigia simu watu wa kwao, na kabla ndege ya Rispa haijatua habari zilikuwa zimefika Migori.

Alishindwa kukaa Migori. Alihamia Rangwe, huko Homa Bay, ambako hakuna aliyemjua, akafungua duka la kupiga chapa na fotokopi. Kazi yake kubwa ikawa wasifu wa marehemu. Watu waliofiwa walikuja na karatasi zilizokunjwa, naye aliwasumbua: alibatizwa mwaka gani, huyu mke wa kwanza mbona hayupo, mwandikeni. Jirani yake alikuwa Marcella, fundi wa nguo, mama mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani.

Mwisho wa mwaka ule kitabu kilitoka. Rispa alikiona kwenye ukurasa wa klabu mtandaoni: jalada la buluu, jina la Gabor Lendvay, na shukrani kwa kila mtu hadi mfagiaji wa ukumbi. Yeye hakutajwa. Lakini mechi ya Makalder ilikuwepo, neno kwa neno.

"Sasa si useme!" Marcella alimwambia siku alipohadithiwa yote. "Nyar Kuria, binti wa Wakuria wewe, unangoja nini? Mimi ningekuwa nimepiga kelele mpaka huyo mzungu asikie akiwa kwake."

"Nikisema sasa atafuta ukurasa mmoja tu, atoe toleo jipya. Wacha aipende kwanza."

"Aipende nini?"

"Hiyo mechi."

Na Lendvay aliipenda. Mji mzima uliipenda. Wahungaria wa Kotarna walimchukua yule kipa mwenye jicho bovu kama ndugu yao. Walimchora ukutani mwa ukumbi. Walitengeneza fulana zenye kofia yake. Lendvay alihojiwa redioni na kueleza jinsi mzee fulani alivyomsimulia mechi hiyo huku akilia. Kila kitu kipya kilipotokea, Rispa alikinakili, akakihifadhi, akaandika tarehe. Siku nyingine Marcella alimkuta akiitazama ile picha ya ukutani kwenye simu, uso umetulia kabisa, akasema, "Ai, unanitisha wewe."

Habari kwamba Erzsi amefariki aliisoma kwenye ukurasa huohuo, mistari miwili. Siku hiyo alifunga duka mapema.

Januari ya mwaka 2026 klabu ikatimiza miaka mia. Wiki mbili kabla ya sherehe walitangaza kwamba bamba la shaba litafunuliwa ukumbini: upande mmoja babu yake Lendvay kama mwanzilishi, upande wa pili kikosi cha Makalder cha mwaka 1934, kipa akiwa wa kwanza. Rispa aliposoma tangazo hilo alisimama, akamwachia Marcella ufunguo wa duka, akaenda Isebania.

Nyanya yake alikuwa ameketi nje anapukuchua mahindi. Rispa alimwomba ashike kitambulisho chake karibu na uso, apigwe picha.

"Nimekosa nini tena?" nyanya aliuliza.

"Hujakosa. Kuna watu ng'ambo wanasema ulikuwa mlinda lango, ukazuia bao kwa kofia."

Nyanya aliacha mahindi. "Walisema nilikuwa mwanamume?"

"Ndiyo, nyanya."

"Na tulishinda?"

"Mlishindwa, nne kwa tatu."

"Basi ulinitungia vibaya," nyanya alisema, akanyoosha shingo na kukiinua kitambulisho ili apigwe picha nzuri.

Picha hiyo, ile barua pepe ya zamani yenye tarehe, ramani ya Nyatike, huko Migori, inayoonyesha Macalder, na dakika tatu za sauti ya Erzsi akieleza nani aliyeanzisha klabu, vyote Rispa alimtumia mwandishi wa gazeti la Kotarna, mwanamke ambaye aliwahi kuandika kwa mashaka kuhusu kitabu kile. Alimwomba kitu kimoja tu: asichapishe chochote kabla ya sherehe. Aulize kwanza.

Sherehe ilirushwa mtandaoni mchana wa Hungaria. Rangwe ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni. Rispa na Marcella walisogeza viti mbele ya kompyuta ya duka, Rispa akitafsiri. Waliona barafu nyeupe, wazee wenye suti, bendi. Waliona Lendvay, amenenepa, akivuta kitambaa na shaba kung'aa. Watu wakapiga makofi.

Mwandishi akasimama na kipaza sauti. Akamwuliza katibu kwa upole ni wapi alikoipata habari ya mechi ya mwaka 1934.

"Kwa mdomo wa mtoto wa mchezaji mwenyewe," Lendvay akajibu. "Nilimnasa sauti mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Amesema nini?" Marcella akauliza.

"Ameingia," Rispa akasema.

Mwandishi akaiinua picha kubwa: bibi wa Kikuria mwenye kilemba cha kijani, kitambulisho cha Kenya shavuni. Akalisoma jina. Akalisoma tena.  Kisha mzee mmoja wa safu ya mbele akacheka, wengine wakafuata, kicheko kikapanda mpaka ngazi za juu, na katikati yake Lendvay akiwa amesimama na kitambaa mkononi, mdomo ukifunguka na kufungika. Halafu ikapigwa sauti ya Erzsi, na kicheko kikakatika.

Marcella alikuwa anarukaruka na kupiga vigelegele mpaka wapita njia wakachungulia. Rispa hakuinuka. Alirudisha picha nyuma, akatazama tena ule mdomo. Akarudisha tena. Alitazama mara tano, na kila mara ilikuwa tamu.

Lendvay alijiuzulu kabla ya wiki kwisha. Picha zilizodaiwa kuibwa zilipatikana kwenye droo ya ofisi yake, ndani ya bahasha yenye mwandiko wake. Alipiga simu Rangwe siku ya nne. Sauti yake ilikuwa ya mtu mgonjwa.

"Rispa, nakuomba. Waambie ilikuwa mzaha wetu wawili. Waambie nilijua. Nina wajukuu hapa."

"Mama yangu aliniuliza kama mimi ni mwizi," Rispa alisema. "Aliniuliza mbele ya watu."

"Nisamehe basi."

"Sitaki," akamjibu, akakata simu, akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja wasifu wa baba yake.

Angependa hadithi iishie hapo, na kwa siku kadhaa alidhani imeishia hapo. Kisha ikaja barua kutoka kwa mjukuu wa Erzsi, msichana wa miaka ishirini na kitu. Haikuwa ya pongezi. Klabu ilikuwa imekiondoa kitabu chote madukani na kulitia bamba stoo. Watu mjini walikuwa wanasema kwamba kama yule Mkenya alitunga mechi moja, basi alitunga na mengine, na huenda hata maneno ya Erzsi aliyakatakata akayaunga anavyotaka. Jina la mchimbaji lililofutwa na karani sasa lilikuwa limefutwa mara ya pili.

"Bibi yangu alikuamini," msichana aliandika. "Ulikuwa na sauti yake miaka sita. Ulitoa dakika tatu, na ulizitoa kwa ajili yako."

Rispa aliisoma barua ile akiwa amesimama. Akampa Marcella simu kwa kusahau kwamba Marcella hajui Kihungaria, ikabidi amtafsirie, na kuisoma kwa sauti kulikuwa kubaya zaidi.

"Anakosea?" Marcella aliuliza baadaye.

"Hakosei."

"Kwa hiyo unajuta?"

Rispa aliilaza simu mezani. "Kwa yule mwanamume, hapana. Hata kidogo. Ningeirudia kesho." Kisha akasema, "Kwa Erzsi, ndiyo."

Klabu nayo iliandika, barua ya adabu, ikimwomba arudi kuiandika historia upya. Aliwajibu kwamba kwanza waisome barua iliyomwita mwizi, waisome kwa kipaza sauti katika ukumbi uleule, kisha wamwambie mama yake kwamba ilikuwa uongo. Mama yake alipokea simu kutoka Hungaria siku ya Sabato alipotoka kanisani. Hakuelewa nusu ya Kiingereza chao, lakini aliweka simu kwa sauti kubwa na kuwaita majirani wote.

Hata hivyo Rispa hakurudi Kotarna, na rekodi hakuwapa klabu. Alimwandikia mjukuu wa Erzsi, akaungama ile mechi, kwa nini aliitunga na siku aliyoitunga, akamwambia aichapishe barua hiyo popote apendapo. Akamtumia rekodi zote, saa kumi na tisa, bila kukata hata kikohozi. Msichana alichukua wiki tatu kujibu, na jibu lenyewe lilikuwa fupi: alikuwa anataka yaandikwe yote, kwa lugha zote mbili, Kihungaria na Kiswahili.

Sasa wateja wa Rangwe wakiingia dukani humkuta Rispa na visikizi masikioni, anapiga chapa. Amefika rekodi ya nne. Erzsi anaeleza jinsi baba yake alivyokuwa akichukua vipande vya chuma vya mgodini, akavinoa kwenye jiwe la jikoni mpaka vikakata karatasi, akavifunga chini ya viatu vya kazi kwa kamba, na jinsi mama yake alivyogomba kwa sababu ya alama sakafuni.