Nyumba Aliyoipita Mzee Felisian

Mzee Felisian wa Nachingwea alikuwa hodari wa mambo mengi, lakini kupiga hodi kulimshinda. Msicheke. Mtu mzima, mzee wa kanisa, fundi aliyefungua matumbo ya matrekta enzi za mradi wa karanga, anafika mlangoni kwa watu, anainua mkono, halafu anaganda hapohapo na jasho linamtoka. Jirani yake Mbaruku, Mwislamu mwenye ulimi usiotulia, alikuwa akimpigia kelele kutoka barazani kwake: "Mzee, mlango hauumi! Au unaomba ruhusa kwa kuku?"

Tena hali hiyo ilimpata Kwaresima tu. Miezi mingine yote alipiga hodi kama wewe na mimi.

Alizaliwa Mtua, Mmwera wa baba na mama, akabatizwa na mapadri kama wengi wa upande ule. Mradi wa karanga wa Waingereza ulipoingia mwaka arobaini na saba alipata kazi karakana, na huko akakutana na Wanyasa, mafundi na makarani waliokuja kutoka Nyasaland na dini yao ya Kipresbiteri. Jumapili waliimba katika banda la bati lililokuwa stoo ya matairi. Waliimba kwa sauti nne, hata wapita njia wakaweka mizigo chini. Felisian alikwenda kusikiliza nyimbo, akabaki. Kwa kuwa alijua kusoma na alikuwa mtu aliyenyooka, mwaka arobaini na tisa wakamfanya mzee wa kanisa. Loo, alivimba! Mkewe alisema hata kukohoa kwake kulibadilika.

Kwa Wanyasa huko kwao, walisema wenyewe, Kwaresima haikuwa jambo kubwa. Lakini ukiishi katikati ya Wakatoliki na Waanglikana, majirani wote wanajinyima na wewe unakenua meno, utaitwa mpagani. Basi wakajitungia yao: siku arobaini hakuna ngoma, hakuna pombe, na kila Jumatano watu wote bandani kwa sala. Mbaruku alicheka mpaka akashika mbavu. "Funga gani hii, mchana mnakula ugali?"

Jambo zito lenyewe lilikuwa vibati. Wiki ya mwisho kabla ya Pasaka, kila mzee wa kanisa alipita nyumba kwa nyumba mtaani kwake. Aliketi, akamwuliza kila mshirika: una ugomvi na mtu? Umeshika Kwaresima? Akiridhika, alimpa mkononi kipande kidogo cha bati chenye tundu katikati. Siku ya Pasaka ulikuja na kibati chako, ukakirudisha, ukaketi kwenye Meza ya Bwana. Bila kibati mkate ulikupita. Na sheria ilikuwa moja, mchungaji aliirudia kila mara: huwezi kumnyima mtu kibati kabla hujamwuliza na kusikia jibu lake. Vibati vyenyewe alivikata Felisian, kwa mkasi wa karakana.

Kwaresima ya mwaka hamsini ndiyo iliyomharibia maisha.

Mtaani kwake aliishi Lusiana, mwanamke wa Mbekenyera ambaye mumewe, dereva wa Kinyasa, alikwenda kwao kusalimia akasahau kurudi. Lusiana alipika vitumbua, akaimba sauti ya pili, hakumsumbua mtu. Siku ya kugawa vibati mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Felisian, amelowa na amechoka, alifika karibu na nyumba ya Lusiana akasikia harufu ya kimea. Akachungulia juu ya ua. Chungu kikubwa kiko mekoni, chekecheo liko pembeni, na Lusiana anakoroga kwa mwiko, anaimba chinichini.

Pombe! Ndani ya Kwaresima! Felisian alipandwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa na utamu wake, ile ya mtu aliyepewa cheo juzi akapata wa kumwonyesha. Hakupiga hodi. Aligeuka na kibati cha Lusiana mfukoni, akaenda nyumba iliyofuata.

Jumamosi baraza la wazee lilikutana, na mchungaji aliyekuwa amekuja kwa Pasaka akauliza kwa nini kimebaki kibati kimoja. Felisian akaeleza: anapika pombe, nimeona kwa macho yangu.

"Ulimwuliza?" mchungaji akasema.

Wazee wote walimtazama. Aseme hapana? Aseme mvua ilinichosha, na yeye ndiye mzee mpya aliyesifiwa kwa kunyooka? Ulimi hauna mfupa.

"Nilimwuliza," akasema. "Alinyamaza."

Basi, imekwisha. Anyamazaye amekiri. Na kwa kuwa desturi ilitaka jamaa wa aliyetengwa wapelekewe neno, barua iliandikwa kwa mama yake, Teodosia, kule Mbekenyera. Aliiandika Felisian kwa mkono wake: aliulizwa na mzee wa kanisa juu ya pombe, akanyamaza.

Siku ya Pasaka Lusiana alikuja amevaa nguo nyeupe. Alidhani amesahauliwa kwa bahati mbaya, akaketi mwisho wa benchi akingoja mtu amletee kibati. Mkate ukaja, ukafika kwa jirani yake, ukapita mbele ya mikono yake iliyokwisha kunyooshwa. Akamtazama Felisian. Felisian akatazama dari. Lusiana akainuka, akatoka, na kesho yake akafunga mzigo akarudi kwa mama yake, siku mbili kwa miguu, masika yakiwa yamechacha.

Haikupita wiki, akaja mlangoni kwa Felisian mwanamke wa Kiislamu, Sikuzani, mtoto mchanga mgongoni, kibuyu mkononi. Alikuwa akimtafuta Lusiana. "Nimeleta kibuyu chake, mzee. Mimi nilijifungua, maziwa hayatoki, na mama yangu yuko mbali Malolo. Dada wa watu alinipikia togwa chungu kizima. Mungu amlipe."

Togwa. Uji mtamu wa kimea ambao hata mtoto hunywa asilewe. Felisian alishika fremu ya mlango. Kuuliza si ujinga, watoto wetu wanajua hilo kabla hawajaota meno, na yeye, mzee wa kanisa, hakuuliza.

Angeweza kuandika barua nyingine siku ileile. Sikuzani alipoondoka alichukua hata karatasi. Kisha akafikiria uso wa mchungaji, akafikiria kicheko cha Mbaruku, akairudisha. Akajiambia wiki ijayo. Wiki iliyofuata ndipo Shaibu, mfanyabiashara wa ufuta wa kule, alipopita na habari kwamba Lusiana amekufa kwa kichomi. Na maziko yake, alisema Shaibu, yalikuwa ya huzuni kuliko kifo. Wakatoliki walisema aliwahama. Wapresbiteri walikuwa wamemtenga. Waislamu majirani walimchimbia kaburi kwa utu tu, wakasimama kando na majembe yao, wasijue nani aseme nini. Akafukiwa kimya.

Kwaresima iliyofuata Felisian alitoka na vibati vyake kama kawaida. Kwenye mlango wa kwanza aliinua mkono, na kabla hajasema hodi, sauti ya mwanamke ikamjibu kutoka ndani: "Karibu, mzee. Nilikuwa nakungoja."

Aliijua sauti hiyo. Akasukuma mlango, hamna mtu. Mwenye nyumba alikuwa shambani. Ila harufu ya kimea ilijaa chumba kizima, na jiko lilikuwa baridi.

Ndivyo ilivyokuwa mlango baada ya mlango, mchana kweupe, mwaka baada ya mwaka. Mradi wa karanga ukafa, matrekta yakaota majani, Wanyasa wakafunga virago mmoja mmoja. Felisian alibaki mzee wa kanisa peke yake juu ya watu ishirini na kitu, mitaa yote ikawa yake, na milango yote ikawa yake. Kwenye benchi la Meza washirika waliacha nafasi ya mtu mmoja pale mwisho, bila kuambiana. Ukiwauliza kwa nini, walisema pana baridi. Mkewe alimsihi aende kwa mganga. Alikonda, jamani. Hakuwa akiogopa kudhurika, maana sauti yenyewe haikuwa na hasira hata chembe. Ilikuwa ya mtu anayekaribisha mgeni, na hilo ndilo lililomla.

Mwaka hamsini na saba, wiki moja kabla ya Ijumaa Kuu, Teodosia akaja. Bibi mfupi, miguu imevimba kwa safari, rozari shingoni. Aliketi kwenye mkeka wa Felisian akakataa maji.

"Baba, sikuja kudai mtu," alisema. "Mimi nakaribia kuondoka. Nataka jina la mwanangu lirudi kitabuni, aombewe kaburini kama watu. Mchungaji wenu akikataa, sawa. Lakini nina swali moja. Siku ile ulipomwuliza, akanyamaza, alikuwa na uso gani? Alikuwa analia? Nipe hata hicho. Mimi ni mama yake."

Felisian alifungua mdomo. Akaona njia mbili wazi kabisa. Neno moja tu, "alilia", lingetosha: bibi angeridhika, na yeye angebaki na heshima yake mpaka kaburini.

"Mama," alisema, "nitakujibu Ijumaa Kuu, mbele ya watu. Nikisema hapa, nitapata njia ya kukwepa huko."

Ijumaa Kuu banda lilijaa washirika na majirani. Mchungaji alikuwepo, na Teodosia aliketi nyuma karibu na mlango. Felisian alisimama, akayatoa yote: mvua, chungu, hasira yake, uongo mbele ya baraza la wazee, barua, togwa, kibuyu cha Sikuzani. "Sikumwuliza," alisema. "Sikupiga hodi. Lusiana hakunyamaza. Mimi ndiye niliyenyamaza miaka saba." Akaweka uzee wake wa kanisa chini hapohapo.

Wanawake walilia kwa sauti. Mchungaji alifungua kitabu cha washirika, akaandika jina la Lusiana mbele ya macho ya wote, akaahidi kwenda Mbekenyera Jumatatu ya Pasaka kuomba kaburini. Wakaimba. Felisian alijisikia mwepesi kama aliyetuliwa gunia, akavuta pumzi, na hewa haikuwa na harufu yoyote. Akamshukuru Mungu machozi yakimtoka.

Walipotoka alimkuta Teodosia ameketi kwenye gogo nje, peke yake. Akapiga magoti mbele yake. "Mama, nisamehe."

Bibi hakumtazama. Alikuwa akitazama barabara ya Ruangwa, ile iendayo Mbekenyera.

"Barua yako ilifika kabla yake," alisema polepole. "Shaibu alinisomea. Aliulizwa, akanyamaza. Nikaona haya kijiji kizima. Alipofika amelowa chapachapa, nilimwambia sitaki mlevi ndani kwangu, akae barazani mpaka aseme ukweli. Akaniambia, 'Mama, hakuna mtu aliyeniuliza.' Nikamjibu, mzee wa kanisa hasemi uongo."

Akaishika rozari yake.

"Mvua ilinyesha siku mbili, baba. Nami mlango nilikuwa nimeufunga."