Mama Ansbert na Maneno Majirani

Wapangaji wengi walipita katika nyumba ya bibi yangu Zuena pale Mtoni, kando ya barabara ya Kilwa, lakini aliyeendelea kumtaja hadi uzeeni ni mmoja tu: Auleria, mke wa karani wa reli, Mhaya wa Bukoba. Alihamia mwanzoni mwa miaka ya hamsini na mumewe Theonest na mtoto wao wa kwanza, Ansbert, kwa hiyo mtaani wakamwita Mama Ansbert. Alikuwa mrefu, msema taratibu, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao iliyowachekesha watoto. Alikuwa amesomeshwa na masista, akakijua Kiingereza cha kutosha kufundisha, ila alipoolewa kazi ya ualimu ikaishia hapo. Bibi alimpenda kwa sababu nyingine: alifagia uwanja bila kungoja zamu yake.

Nyumba ya pili aliishi Mwamvita, mke wa Sadallah aliyefanya kazi bandarini. Mwamvita alikuwa yaya kwa Wazungu fulani Kurasini. Siku moja alirudi mapema, jua bado kali, kanga ameivuta hadi usoni, akaketi barazani kwa Bibi akilia.

"Nimefukuzwa," alisema. "Mtoto kalala, mie naosha vyombo. Memsabu akatoka, kanikazia macho, akaniambia kwiti. Nikavua aproni nikaondoka."

Neno hilo alilijua vizuri. Kaka yake alikuwa amepewa notisi na mwenye nyumba wake kule Kariakoo, na aliyemsomea alimwambia kwamba 'quit' maana yake hama, ondoka.

Mama Ansbert alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini. "Hebu liseme kama alivyolisema yeye, usilifupishe."

Mwamvita akalisema tena na tena, akijifuta machozi.

"Aliweka kidole mdomoni?"

"Aliweka."

"Basi hujafukuzwa, dada yangu. Alikuambia 'quiet', yaani kimya, usimwamshe mtoto. 'Quit' ndilo hilo la notisi. Ni maneno majirani, kwenye kamusi yanakaa ukurasa mmoja."

Mwamvita hakuamini. Mama Ansbert akamfunga Ansbert mgongoni, akamwambia, "Twende wote." Wakaenda kwa miguu hadi Kurasini. Walimkuta memsabu kambeba mtoto mwenyewe, uso umemwiva, hajui yaya wake kapotelea wapi. Mama Ansbert akaeleza kilichotokea, na memsabu akamshika Mwamvita mkono kumrudisha ndani.

Habari ile ilizunguka Mtoni yote. Wanawake wakaanza kuja: mfuaji nguo za Wazungu, muuza samaki, na wengine waliotaka tu kuelewa wanachoambiwa hospitalini. Mama Ansbert hakumkataa mtu. Aliyepinga ni Sadallah.

"Bi Zuena," alimwambia bibi yangu, "huyu mama kila Jumapili yuko kanisani. Leo anawafundisha Kizungu, kesho je?"

"Watasomea barazani kwangu," Bibi alijibu, "baada ya alasiri, na mie nitakuwapo nasuka ukili wangu. Siku utakayosikia nimebatizwa, njoo unilaumu."

Sadallah akacheka bila kupenda, na neno hilo hakulirudia.

Ubao ulikuwa kipande cha bati kilichopakwa rangi nyeusi. Mama Ansbert hakuanza na salamu wala hesabu za vidole. Alianza na maneno yanayokaribiana, akisema hayo ndiyo yanayowaponza watu. Siku ya kwanza aliandika kwa mfuatano: quiet, quilt, quinine, quit, quite. La kwanza, kimya. La pili, mfarishi. La tatu wakalitaja wenyewe kwa pamoja, maana hakuna asiyejua uchungu wa kwinini. La nne Mwamvita akaachiwa alieleze yeye, akalieleza huku wenzake wakimcheka naye akijicheka. La mwisho, 'quite', Mama Ansbert akawaambia maana yake ni kabisa.

Hilo la mwisho ndilo lililoleta balaa.

Mwamvita alikuwa akipika vitumbua kwa chai ya saa kumi. Memsabu akionja husema, "Quite good, Mwamvita." Vizuri kabisa! Mwamvita akarudi Mtoni kifua mbele. Memsabu alipotangaza kwamba atakuwa na wageni, Mwamvita akatwanga mchele wake mwenyewe, akanunua nazi na iliki, akaenda na beseni zima la vitumbua, vya moto, vimefunikwa kitambaa cheupe. Memsabu akashukuru kwa adabu, akaamuru viwekwe jikoni. Wageni waliletewa keki. Jioni beseni lilirudi Mtoni karibu kama lilivyokwenda.

"Kama ni vizuri kabisa," Mwamvita aliuliza barazani, "mbona hakuwapa wageni?"

Usiku ule Mama Ansbert hakula vizuri. Theonest alimwambia aachane nayo, wanawake watasahau. Yeye akasema, "Watasahau vitumbua. Neno nililowapa hawatalisahau."

Asubuhi akavaa gauni lake la kanisani, akaenda Kurasini kumwuliza mwenye lugha. Memsabu alilirudia neno 'quite' mara mbili, kama mtu anayeulizwa jinsi anavyopumua. Kisha akaeleza. Ukisema kazi imekwisha, au mtu amekosea, 'quite' ni kabisa. Lakini ikikaa mbele ya 'good', Waingereza wengi hupunguza: si vibaya, vinalika. Alivyosema mwenyewe, vitumbua vilikuwa na iliki nyingi kuliko alivyozoea, na aliona haya kumwambia yaya wake. Akasikitika kweli aliposikia habari ya mchele uliotwangwa.

Alasiri ile Mama Ansbert alisimama mbele ya bati lake. Alikuwepo hata Sadallah, amekuja kumfuata mkewe.

"Jamani, nimewafundisha vibaya," alisema. "Maana niliijua, matumizi sikuyajua. Mwamvita ameaibika kwa ajili yangu." Akamgeukia. "Nisamehe."

Wanawake wakatazamana. Hawajapata kuona mwalimu akiomba radhi, na mke wa karani akimwomba mke wa kuli. Mwamvita alisema yamekwisha. Tangu siku ile Mama Ansbert hakufundisha neno bila kuuliza kwanza limesikika wapi, na kwa sauti gani, na mbele ya neno gani. Akitatizwa husema, "Hili silijui, nipeni siku," na huenda kuwauliza masista wa kanisani kwake. Bibi aliniambia hapo ndipo Sadallah alipoanza kumwamkia kwa heshima, na mara nyingine kumletea samaki.

Mwamvita akapunguza iliki, akauliza mwenyewe kwa Kiingereza kama sasa ni 'good' au ni 'quite good' tu. Memsabu alicheka hadi akaketi. Baadaye familia ile ilipoondoka, Mwamvita akapata kazi ya uhudumu katika wodi ya wazazi, akawa ndiye anayewaambia wajawazito wa Temeke daktari amesema nini. Asipolielewa neno alimrudia daktari bila kuona haya.

Mwaka mmoja baada ya vitumbua vile, Theonest alihamishiwa Tabora. Bibi Zuena, ambaye hakuwa na kawaida ya kufika stesheni, alivaa baibui akaenda na wenzake wote wa barazani, na treni ilipoanza kusogea alibaki ameshika mkono wa Ansbert dirishani mpaka watu wakamwambia auachie. Chumba kile alikaa nacho kitupu hadi Ramadhani ikapita, ingawa waliokiulizia walikuwa wengi.