Amplifaya ya Kumsikilizia Mama

Nilikuwa na spika mbili nzuri za mbao, nilizonunua kwa jirani aliyekuwa anahama Buswelu, nami nikaziunga kwenye sabufa ya sebuleni. Ilikuwa dhambi. Sabufa inajua kazi moja tu, kunguruma, na mimi nilikuwa na kaseti ya kusikiliza. Mama alinirekodia nilipokuwa bweni, badala ya kuandika barua, na ndiyo sauti yake pekee iliyobaki; kule bweni niliisikiliza mara moja tu, haraka haraka. Nilitaka kumsikia vizuri kabla utepe haujachakaa.

Hasa nilitaka kusikia alivyokosea. Mama alikuwa Msukuma wa Misungwi, na kinywani mwake kila r iligeuka l: kalibu, balua, sukali. Tangu alipofariki, mtu akisema "habali" sokoni nageuka bila kupenda.

Nikaenda mjini kutafuta amplifaya kwa mzee mmoja wa Kihindi anayetengeneza na kuuza redio za zamani, ghorofani, kwenye chumba kinachotazama ziwa. Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo Mwanza husinzia. Mwanga wa maji ulicheza darini, nikaona kama chumba kizima kimeng'oa nanga na kinaelea taratibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umeleta kaseti unayoijua? Usichague amplifaya kwa muziki wa dukani, itakudanganya."

Alikuwa nazo mbili. Moja kubwa, yenye taa za kijani na sindano za kuchezacheza, na nakiri niliipenda kabla haijatoa hata sauti. Nyingine ndogo, nzito kama tofali, kitufe kimoja kimeng'oka. Kwenye ile kubwa mama alisikika kama anahutubia mkutano wa hadhara, maneno yakimezwa na mwangwi. Nikacheka, ingawa moyo uliniuma.

Mzee akahamishia nyaya kwenye ile ndogo, akaweka kiganja juu yake.

"Iache ipate joto kwanza."

Harufu ya vumbi lenye joto ilipanda, ziwa lilikuwa jeupe dirishani, nami sikujua tena kama ni mwaka huu au ule. Halafu mama akaongea, pale pale, kama amekaa kwenye kigoda kando yangu.

"Habari ya shule, mwanangu."

Habari. Safi kabisa. Kisha, tk, kama kitufe kimebonyezwa, na kimya kidogo. "Nimekuwekea sukari." Tk. "Ukifunga shule, rudi salama."

"Mashine yako mbovu, mzee?" niliuliza.

"Mashine nzima. Huyu aliyerekodi alikuwa anasimamisha, anajaribu neno, likikaa sawa anabonyeza tena. Sabufa ingekuficha hayo."

Nilishika ukingo wa meza. Likizo iliyotangulia kaseti ile, nikiwa kidato cha pili na kujiona msomi, nilimkatiza mama mbele ya wageni: "Siyo kalibu, mama. Ni karibu." Wageni walicheka, naye akacheka pamoja nao. Nilidhani yameisha pale.

"Sasa unachukua ipi, binti?"

Niliionyesha ile ndogo kwa kidole. Kisha nikamwomba arudishe kaseti mwanzo, nikasikiliza upande wote nikitafuta hata r moja iliyomponyoka ikawa l. Haikuwepo.